Nataka kubadilisha bastola, mke wangu hataki hata kuisikia

Dada Mshauri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi habari za kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, nina mke na watoto watatu, tunaishi Goba. Nina duka la jumla la vitenge na mashuka Kariakoo. Najua barua yangu si ya kawaida kwenye safu hii, wenzangu wanakuandikia mambo ya michepuko na mirathi. Tatizo langu mimi ni bastola. Usishtuke, ina leseni.

Niliipata mwaka 2013, baada ya jirani yangu wa duka kuvamiwa getini kwake usiku akiwa na mauzo ya siku. Nilianzia serikali ya mtaa, nikaenda ngazi moja baada ya nyingine mpaka polisi mkoa, na ulipokuja ule uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 nilikuwa kwenye foleni mapema. Ni CZ 75, ya kule Czech, chuma kitupu. Bila risasi inafika kilo moja. Weka risasi zake 16 ndipo utajua kiuno chako kina umri gani. Naivaa upande wa kulia, nje ya suruali, shati juu yake, kwenye holsta, yaani ala ya bastola, ya ngozi niliyoshonewa na fundi viatu hapo hapo Kariakoo. Huwa natembea risasi ikiwa chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, nyundo imekokiwa, na sefti, kile kitufe cha usalama, imefungwa. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyozoea. Miaka yote hii sijawahi kuichomoa mbele ya mtu, namshukuru Mungu.

Sasa nimechoka. Nyonga inauma, na kwenye foleni ya jioni kuelekea Mbezi ile chuma inanichimba mbavuni saa nzima. Jasho la Dar unalijua. Kila Jumapili nafuta kutu. Kuna siku naiacha nyumbani kwenye sefu kwa uvivu tu, na siku hizo ndizo naona kila bodaboda iliyo nyuma yangu inanifuata.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mtu wa silaha sana. Anasema yangu ni bastola ya babu. Amenionyesha Glock 43X: nyembamba, risasi 10, haifiki nusu kilo ukitoa magazini, kile kikasha cha risasi. Inavaliwa kwenye holsta ya plastiki ngumu inayoingia ndani ya suruali, kwa mbele, karibu na kitovu. "Utasahau kama umeivaa," ndivyo anavyosema. Muuzaji nimeshampa kishika uchumba. Na hii ya zamani shemeji anaitaka yeye. Anasema nimkabidhi tu, hela tutamalizana kifamilia, makaratasi yatafuata.

Nilikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Kupiga nilipiga vizuri. Lakini kila nilipoichomoa, kidole gumba kilikuwa kinatafuta sefti ambayo haipo. Halafu nilipokuwa nairudisha kwenye holsta mwalimu akanidaka mkono. Pindo la shati langu lilikuwa limetangulia ndani. Hakusema neno, alinitazama tu. Usiku ule nilikaa macho mpaka saa tisa.

Mke wangu hataki. Si kwamba anapiga kelele. Alisema mara moja tu: "Nimeivumilia hiyo kwa sababu ni nzito na wewe unaichoka. Ukipata nyepesi hutaivua tena." Kisha akaniuliza kwa nini badala ya kubadilisha bastola nisibadilishe saa ya kufunga duka. Tangu hapo tukifika kwenye mada hiyo anaamka kwenda jikoni.

Jambo jingine, ingawa halihusiani. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka sita. Juzi mama yake ameniambia kwamba yule mtoto hunikumbatia upande wa kushoto siku zote, hata nikiwa nimevaa msuli tu nyumbani. Sikuwahi kuliona hilo.

Nichukue mpya, nibaki na ya zamani, au nimsikilize mama watoto? Na shemeji nimwambieje asininunie?

Msiri wa Goba

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, kaka yangu. Nimekuzidi, tena kwa mbali, kwa hiyo hiyo shikamoo umeipeleka mahali pake.

Nianze kwa kukiri kwamba bastola sina na sijawahi kuwa nayo. Kwa mambo ya sefti na chemba nimemsumbua jirani yangu, askari mstaafu aliyefundisha shabaha kwa miaka. Tumekaa barazani kwangu na barua yako, tumekunywa birika zima la chai ya tangawizi, na tumebishana. Ya nyumbani kwako nimejisumbua peke yangu.

Barua yako inauliza bastola ipi, lakini naona mambo manne yamefungwa kwenye mzigo mmoja. Kuna mwili uliochoka. Kuna mkono uliozoea jambo moja kwa zaidi ya miaka kumi. Kuna mke aliyesema sentensi mbili na kuondoka. Na kuna woga wa njiani, ambao umeutaja mara moja ukaupita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Tukiyachanganya yote tukayaita "nichukue mpya au nisichukue", tutapata jibu la moja na kuyaacha matatu.

Tuanze na mkono, maana huko ndiko jirani yangu aliponichelewesha.

Wewe umeshtushwa na kidole gumba kinachotafuta sefti. Yeye amesema hilo lisikunyime usingizi: kidole kikitafuta kisipate, bastola bado iko mkononi na hujapoteza kitu. Kilichomfanya aweke kikombe chini ni lile pindo la shati. CZ yako, sefti ikiwa imefungwa, inasamehe. Shati likiingia, ngozi ikijikunja, kidole kikilala vibaya, triga, yaani kifyatulio, haitakubali. Glock haina sefti ya kubonyeza kwa gumba. Kinga zake ziko ndani na kwenye triga yenyewe, kwa hiyo triga ikivutwa inafyatua, na haiulizi kama iliyoivuta ni kidole au ni pindo la shati. Si kwamba ni silaha mbaya; majeshi na polisi wa nchi nyingi wanatembea na Glock. Ila inamdai mwenyewe nidhamu ambayo kwenye CZ sehemu yake ilikuwa inafanywa na kipande cha chuma. Umezoea kusamehewa, kaka. Mwalimu wako alikutazama vile kwa sababu hiyo.

Na hiyo holsta ya mbele ina hesabu yake. Ukiivaa karibu na kitovu, mtutu unaelekea kwenye kinena na paja, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Wapo wanaoivaa hivyo miaka na miaka bila tatizo, lakini ni watu waliojifunza kurudisha bastola polepole, shati limeshikwa pembeni kwa mkono wa pili, macho yanatazama tundu, kidole kiko nje kabisa. Hakuna anayekushindanisha na saa wakati wa kurudisha. Jirani yangu aliirudia sentensi hiyo mara tatu, nami naiandika mara moja.

Jambo jingine sikulijua, nadhani na wewe shemeji hajakwambia. CZ yako unapoifungua kuisafisha, unalinganisha zile alama mbili, unachomoa pini, basi, triga huigusi. Glock ili ifunguke ni lazima kwanza uvute triga. Maana yake kila Jumapili ya kusafisha, hapo sebuleni, utakuwa unavuta triga ya bastola ambayo kichwa chako kinaamini haina kitu. Umetoa magazini, umesahau iliyo chemba: hiyo ndiyo njia ajali zinavyoingia kwenye nyumba za watu makini. Ukiichukua, basi kutazama chemba kwa macho na kuigusa kwa kidole kuwe kama udhu, bila hivyo hakuna kinachofuata.

Lakini kabla hujaamua kwamba ya zamani basi ndiyo salama, hiyo holsta ya fundi viatu nayo tuizungumze. Ngozi ikizeeka inalegea. Mdomo wake unajikunja kwa ndani, na mkunjo huo unaweza kufanya kazi ile ile ya pindo la shati. Halafu ngozi inanywa jasho na kulishika. Kutu unayoifuta kila Jumapili, kwa kiasi fulani unailea mwenyewe, kama usiku unaiweka sefuni ikiwa ndani ya holsta. Kwenye hewa hii ya bahari yenye chumvi, chuma hulala nje ya ngozi. Na mkanda je? Umetaja kila kitu, mkanda hukuutaja. Kilo moja na zaidi kwenye mkanda laini wa suruali ya kawaida lazima ichimbe mbavu. Inawezekana kabisa nusu ya uchovu wako inatokana na mkanda. Sisemi ndivyo ilivyo, nasema hukuwahi kujaribu.

Kwa hiyo kubaki na CZ kwenye holsta mpya iliyotengenezwa kwa umbo lake na mkanda mgumu ni njia iliyo wazi, na mkono wako hautajifunza upya. Hasara yake ni kwamba uzito haupungui hata gramu, na miaka 47 inaelekea hamsini. Siku za uvivu zitaendelea kuwepo.

Kwenda kwenye mpya nako ni njia, ila usiitazame kama kubadilisha simu. Utahitaji wiki nyingi za kuchomoa na kurudisha bastola tupu, chumbani, risasi zikiwa chumba kingine kabisa, kabla hujatoka nayo barabarani. Na utachagua moja. Leo hii, kesho ile, ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa sababu mkono utabaki unauliza "leo tuko na nani?" wakati ambao hauna nafasi ya kuuliza. Ile holsta ya plastiki nayo haiazimwi: imekandwa kwa umbo la bastola moja, nyingine haikai.

Sasa shemeji. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Leseni yako inataja silaha ile kwa namba yake na inakutaja wewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijui "kumalizana kifamilia". Siku utakayomkabidhi CZ mkononi bila polisi kuhusika, wewe utakuwa umetoa silaha isivyo halali na yeye atakuwa anamiliki isivyo halali, hata kama nia zenu ni nyeupe kama pamba. Ikitumika vibaya, ikiibwa, hata akikutwa nayo tu kwenye ukaguzi wa barabarani, namba itasomwa na itakayogongwa ni geti la Goba. Kama anaitaka kweli, aombe kibali chake kama ulivyoomba wewe, na makabidhiano yapitie polisi. Hiyo mpya nayo haiingii kwenye leseni ya zamani. Ina maombi yake, na sababu zako zitaulizwa upya. Shemeji umwambieje? Mwambie hivi hivi, na umwambie mbele ya dada yake. Akinuna, atanuna wiki mbili.

Nirudi kwenye neno lake lile, "utasahau kama umeivaa". Amelisema kama sifa, nawe umelipokea kama sifa. Nikamuuliza jirani yangu, askari anatakiwa asahau kwamba ana bastola? Alicheka mpaka akakohoa. Kila unapoingia benki au unapompeleka mgeni uwanja wa ndege, lazima uwe umekumbuka kabla ya mlango. Kila unapotaka kuivua garini na kuivaa tena, hapo tena. Unapoinama kumbeba mtoto, hapo tena. Kama unataka wepesi wa mwili, hilo naliheshimu. Kama unachotafuta ni wepesi wa moyo, yaani kutembea bila kuwaza, sina hakika kama kuna holsta inayouza kitu hicho.

Na hapa ndipo naliona lile la mke wako. Wewe umelisikia kama kukukataza. Mimi nimelisoma mara kadhaa, nami nasikia mtu ambaye amehesabu siku. Kwake uzito wa ile chuma ulikuwa ni dalili kwamba jambo hili lina mwisho, kwamba siku moja mume atachoka na kuiweka chini. Kisha unakuja unamwambia umepata dawa ya kuchoka. Inawezekana namsemea visivyo, simfahamu. Lakini umemuuliza? Hukuandika kwamba umemuuliza. Umeandika kwamba anaamka kwenda jikoni. Mfuate huko jikoni, kaka yangu, mmenye vitunguu, na usianze na bastola. Anza na ile foleni ya jioni na bodaboda za nyuma. Nadhani hajui kwamba siku unazoiacha unaogopa zaidi.

Maana hapo na mimi nina swali. Siku hizo ulizoiacha sefuni, ulifika nyumbani salama? Siulizi ili kuudharau woga wako. Jirani yako wa duka alivamiwa kweli, jiji hili limewahi kulala macho kwa ajili ya magenge ya vijana wa panya road, na mwenye hela taslimu mkononi anaonekana kutoka mbali. Nauliza kwa sababu woga ulioanza kama jibu la hatari moja, mwaka 2013, getini kwa mtu mwingine, unaweza kuwa umeshahama ukakaa kwenye bastola yenyewe. Ikiwepo uko salama, isipokuwepo unafuatwa. Kama ni hivyo, nyepesi itakuondolea uzito, na woga utabaki palepale. Kama si hivyo, nisamehe, nimekosea mtu.

Wazo lake la saa ya kufunga ulilipita kama mzaha, nalo si mzaha. Mauzo mangapi kati ya hayo ni lazima yasafiri na wewe mpaka Goba? Wateja wako wengine najua wanatoka Zambia na Kongo na fedha mkononi, na wengine wanakwepa makato ya simu kama ukoma. Lakini mawakala wa benki wamejaa Kariakoo kila kona, na mtu anaweza kupeleka hela saa tisa mchana, tena saa kumi na moja, akarudi nyumbani na hela ya mboga. Unaweza kubadilisha saa na njia. Kuna gharama hapo, na kuna jioni nzuri za biashara utazikosa. Na haiondoi kila hatari, kwa sababu aliyekukusudia hajui kama leo mfuko ni mtupu. Lakini ni mzigo mwingine unaoweza kupungua, tofauti na ule wa kiunoni.

Kishika uchumba kisikusukume. Ni hela tu, na muuzaji wa haki anajua kwamba kibali huchukua muda.

Nina ombi moja, ulifanye au uliache. Kabla hujaamua chochote, tafuta hiyo holsta ya plastiki peke yake, ikiwa tupu, na uivae wiki nzima nyumbani na barabarani. Kaa nayo kwenye foleni ya Mbezi. Funga nayo kamba za viatu, piga magoti, kula ushibe. Ni holsta tupu, haiwezi kumdhuru mtu, na mwili wako utakwambia mambo ambayo shemeji hayajui.

Halafu kuna yule mdogo. Uliandika kwamba hilo halihusiani, ukalieleza kuliko ulivyoieleza Glock. Mtoto wa miaka sita amejichorea ramani ya baba yake: upande huu pa kukumbatia, upande ule hapana. Hakufundishwa na mtu. Ukihamishia kitu mbele, karibu na kitovu, ramani yake itabadilika, na sijui ataichora vipi. Hiyo wiki ya holsta tupu, mtazame. Niandikie unieleze amepita upande gani, na mama yake alisema nini jikoni.